Saa Moja Hadi Darajani

Jana jioni binti yangu alinisogezea daftari mbele ya sahani. Watu wawili wanatoka pande mbili, kila mmoja na mwendo wake, watakutana lini? Dagaa zangu za sambaza zikapoa. Cheka ukitaka, rafiki, lakini hesabu hiyo naichukia tangu utotoni.

Mwalimu wetu hapa Rusizi alikuwa na desturi yake: hesabu hakuzitoa kitabuni. Kila mtoto alitunga ya kwao, kisha akaiandika kuwa mlinganyo. Wenye mbuzi walileta mbuzi, wa Gashonga wakaleta mikungu ya ndizi. Jibu likigoma, hakupiga mtu. Aliuliza tu, "Mutoto, ulisahau kuandika nini?"

Mimi nilimleta mama. Aliuza nyanya Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpaka, na kila jioni nilishuka kumpokea kapu darajani. Malipo yangu yalikuwa kipande cha mkate alichokificha ndani ya kitenge, bado kina joto la mwili wake. Yeye alikwenda kilomita tano kwa saa, mimi na vijiguu vyangu kilomita tatu, na njia yote ilikuwa kilomita nane. Tano x kujumlisha tatu x ni nane. X ni moja: tukitoka pamoja, baada ya saa moja tunakutana darajani. Mwalimu aliisomea darasa zima, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Kisha mpaka ukafungwa, mama akiwa ng'ambo. Siku chache tu, walisema. Siku zikawa wiki, bibi akisonga ugali wa muhogo na kumbakizia mama sehemu yake kila jioni. Tukasikia mama ana homa. Nilishuka vilevile saa ile ile, na askari akanirudisha: "Rudia kwenu, mutoto. Bariyeri imefungwa." Nilimpelekea mwalimu mlinganyo wangu nikilia, nikamwambia haufanyi kazi. Aliutazama sana. Siku hiyo hakuniuliza nilichosahau.

Homa ilimshinda. Mjomba aliyeishi Bukavu akampigia simu jirani yetu: "Hatuwezi kumuleta. Lakini tutapita naye pale ku mto, mumuone. Tunatoka sasa hivi." Bibi alijifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukatoka.

Tulipofika darajani, nao walikuwa wanafika upande wa pili, wamembeba mabegani. Waliliweka jeneza chini, likituelekea. Mto pale ni mwembamba. Wimbo wao niliusikia neno kwa neno. Bibi akaita, "Wende muzuri, mutoto yangu!" Kisha wakamwinua, wakapanda naye kilima.

Mpaka ulifunguliwa baadaye, watu wakavuka kama kawaida. Mwalimu hayupo tena, bibi hayupo, na darasa letu la matofali ya udongo limebomolewa. Hata kapu la mama lilibaki hukohuko ng'ambo. Inaniuma kwamba hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza kama ninakumbuka vizuri.

Binti yangu alimaliza kuandika, akanipa daftari. "Papa, njo vile? Ni sawa?"

Nilisoma mstari kwa mstari. Watu wawili, pande mbili, wakatoka pamoja, wakakutana.

"Njo vile," nikamjibu. "Haujakosea kitu."