Mguu wa Mstaafu

Mama mkwe aliingia kliniki bila kubisha hodi, beseni mikononi, na ndani ya beseni kobe. Nyuma yake alifuata mwanawe, uso umemshuka, maana ndiye aliyesukuma lango la chuma asubuhi hiyo bila kutazama chini.

"Mumeo kamvunja mguu Mstaafu wangu!" mama mkwe akamwambia daktari. "Haya, tuione hiyo shule yako."

Jamani, moyo wa daktari ulimpiga pa! Miaka yote hiyo ni mbwa wenye kupe na mbuzi waliovimbiwa, leo kaletewa kobe! Chuoni alimsoma kwenye vitabu tu. Vidole vilimwasha kwa hamu.

Hofu nayo ilikuwepo, tena si haba. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alimleta kobe huyo nyumbani siku aliyostaafu kazi, akampa jina la kujitania mwenyewe. Tangu afariki, mkewe alikuwa akinywa chai uani kila asubuhi akimpigia Mstaafu soga. Na mama huyo, tangu harusi, hajawahi hata kwa bahati mbaya kumwita mkwewe daktari. Kwake alikuwa "huyu wetu wa mbwa". Sasa kobe akifa mikononi mwa huyu wetu wa mbwa, nyumba ile ingekalika?

Daktari akamchoma Mstaafu sindano ya maumivu, akampiga picha ya mifupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Mfupa umevunjika, ila haujatoboa ngozi!" akapiga kelele. "Mama, ana bahati huyu!"

"Basi mtie plasta."

"Wala hahitaji." Akaukunja mguu polepole, akaurudisha ndani ya gamba, kama kobe mwenyewe afanyavyo akiogopa. Akashindilia pamba laini, akaziba uwazi kwa utepe mpana. "Gamba lake ndiyo plasta yake. Tumwache atulie humo."

Mama mkwe akamtazama kobe, akamtazama mkwewe.

"Ndiyo umemaliza? Mnyama mzima umenifungia kama kifurushi cha posta!" Akasonya msonyo mrefu, akachukua beseni lake.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Mstaafu alijikokota kwa miguu mitatu, akila majani yake bila shida, lakini nani wa kumwambia mama mkwe? Kila daktari alipokwenda kubadilisha pamba, mama alisimama mlangoni mikono kiunoni, akiwaeleza majirani kwa sauti kwamba mwanawe kaoa fundi wa vifurushi. Daktari aliendelea na kazi.

Ikafika siku ya kufungua. Picha mpya ilionyesha mfupa umeunga, unang'aa! Daktari akapiga magoti uani, akabandua utepe, akatoa pamba, akangoja.

Mguu haukutoka.

Wakangoja. Mume wa daktari akaanza kung'ata kucha. Daktari jasho likamtiririka mgongoni. Mama mkwe, kikombe mkononi, macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mstaafu," akaita kwa sauti ndogo, "njoo basi, chai inapoa."

Ukachungulia ukucha. Kisha wayo. Mguu ukashuka ukagusa ardhi, ukarudi, ukashuka tena, ukakanyaga. Na kobe akaondoka! Miguu minne! Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mama, mume akirukaruka, daktari akipiga makofi kama mtoto, chai ikimwagika kila mahali.

Mama mkwe akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Kisha akaivuta nguo yenyewe juu kidogo, akanyoosha mguu.

"Daktari," akasema.

Mume akageuka kutazama lango, akidhani kuna mgeni.

"Wewe, Daktari, nakuita! Goti hili linanitesa tangu mwaka jana. Hebu litazame."

"Lakini Mama, mimi ni wa wanyama."

"Kwani nani kakuuliza? Lete huo utepe."