Tovuti ya Daftarini

Enzi zetu, wenzangu mliosoma sekondari mwishoni mwa miaka ya tisini, tovuti tuliiandika kwa kalamu. Kituo cha ufundi cha parokia yetu pale Ifakara kilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwalimu wetu, Bruda Damasi, aliweka sharti: atakayeandika ukurasa mzima daftarini bila kosa ndiye atakayekalia kile kiti na kuuchapa. Nilikitaka kiti kile kuliko gauni la Krismasi.

Basi nikazikariri alama zote zinazoiambia kompyuta neno hili liwe jekundu, lile likae katikati. Nilizikariri shambani nikiamia ndege, napiga debe huku natamka alama, kwerea wanaruka, mpunga unanukia. Mama alidhani ni Kilatini. Nilipomweleza akasema, "Shika hayo hayo, mwanangu. Ukishayaweka kichwani yamekuwa yako."

Jumamosi ya mtihani niliandika ukurasa wangu wa "Karibu Ifakara", nikaupamba. Kumbe Bruda alikuwa ameletewa kitabu kipya kutoka Ulaya, akausahihisha kwa hicho. Alama zangu zote zikakatwa. Eti siku hizi rangi haikai tena pamoja na neno, inaandikwa mahali pake, mbali.

"Nani kabadilisha, Bruda?"

"Wakubwa wa mtandao wamekaa kikao."

"Wakubwa gani?"

"Hata mimi siwajui, binti," akasema, anakuna kichwa. "Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha ninyi vile."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Jambo lililokuwa sahihi juzi linakuwaje kosa leo? Mama naye aliniuliza hivyo hivyo. Muhula uliofuata kompyuta ikahamishiwa Mahenge, na hakuna hata mmoja wetu aliyekalia kile kiti.

Sasa kazi yangu ni hiyo hiyo ya tovuti. Vijana wa ofisini kwetu, utaratibu ukibadilika kidogo tu, wanashika vichwa na kuagiza chipsi. Nawacheka, ingawa hadi leo sijui hao wakubwa hukaa wapi wala humuuliza nani.

Mwezi uliopita, nikipanga vitu vya marehemu Mama, nililikuta daftari lile chini ya vitenge vyake. Nikauchapa ukurasa kama ulivyo, na alama zake zilizokatwa. Ukafunguka. "Karibu Ifakara", nyekundu, katikati kabisa. Sikuelewa tena nani alikosea. Nilijikuta nimegeuka nyuma, nataka kumwita Mama aje aone.