Asubuhi Moja ya Katekista

Juzi nilikuwa ofisi ya wilaya hapa Mpanda, nasubiri kibali changu. Mbele yangu alisimama katekista wa kijiji cha Usevya, yule anayesalisha watu padri asipokuwepo, kofia kaishika mikononi.

"Ndugu, naomba serikali inilipe mshahara."

Karani akacheka. "Mzee, serikali haina dini. Zamani ulikuwa unakula nini?"

"Waumini walikuwa wananilimia mpunga, asubuhi moja kila wiki. Tangu tuhamie kijiji kipya, asubuhi zote ni za shamba la ujamaa. Na nikishinda shambani mwenyewe, nani atazika watu?"

Mwenye duka mmoja nyuma yangu akadakia, "Akilipwa huyu, na shehe wetu alipwe!"

Karani akaacha kucheka. "Sikiliza, mzee. Tukikulipa leo, kesho tutakupangia cha kusema kanisani."

Katekista akaizungusha ile kofia polepole. "Basi msinilipe. Nirudishieni ile asubuhi."

"Hiyo siwezi, mzee."

Akatoka bila kuaga.

Jamani, mimi niko upande wa karani: serikali isilipe mapadri wala mashehe. Ila yule mzee mwishoni hakuomba hela. Aliomba majirani zake, na karani akabaki anaangalia dirishani mpaka foleni ikaanza kunung'unika.