Mti wa Choa Waugua

Kwa miaka thelathini Kwaku Ameyaw aliponda majani ya kutibu choa pale Techiman, na hakuna mwingine mjini aliyekuwa na vichaka vile. Mvua za mwaka ule zikaja, vichaka vyenyewe vikashikwa na ugonjwa. Madoa ya mviringo, kahawia katikati na manjano pembeni, sawasawa na vichwa vya wagonjwa wake. Aibu iliyoje! Nani atataka dawa inayougua ugonjwa inaoutibu?

Alichemsha majani mazima, akayaosha yale yenye madoa kwa dawa hiyohiyo. Madoa yakaongezeka. Vichaka vikifa, kazi imekwisha, na hakujua nyingine. Kwa kuwa mganga hajigangi, aling'oa kichaka kimoja, akakitia kwenye ndoo, akakifunika kitambaa, akaenda kwa Mama Takyiwaa, mganga wa homa na matumbo, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye kwa miaka sita.

Akakuta foleni. Akakaa kwenye benchi, ndoo mapajani.

"Mgonjwa nani, mzee?" akauliza bibi mmoja.

"Huyu."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Bado mtoto. Pita mbele yangu."

Takyiwaa, skafu shingoni katika joto lile, alifunua kitambaa. Hakucheka. Ameyaw angependelea kuchekwa.

"Anaoga?"

"Kila jioni. Wagonjwa wakishaoga dawa, maji yanayobaki namrudishia kichwani. Si adabu kuchuma bila kushukuru."

"Kwa hiyo analala amelowa, amebanana na wenzake."

"Nilidhani wagonjwa ndio wamemwambukiza."

"Choa cha mtu hakipandi mtini, Ameyaw. Huu ni ukungu wa majani, unapenda majimaji. Chuma yote yenye madoa, okota yaliyoanguka, choma. Punguza matawi upepo upite. Shukrani zako mwaga shinani, asubuhi. Na huyu tumnyoe kabisa."

Akarudi na kichaka chenye upara, akipewa pole soko zima.

Alifanya yote aliyoambiwa. Wiki ya tano majani mapya yakatoka safi, na Ameyaw akalia, akisingizia moshi.

Kesho yake mtu akaja kukaa mwisho wa benchi lake. Alikuwa Takyiwaa. Akafungua skafu: choa, shingo nzima.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla hujaniletea yule mtoto wako," akasema. "Nilikuwa namngoja apone."