Pensheni ni ya Mguu, Mikono ni Yako

Nakumbuka vizuri siku ile mume wangu alipomiminiwa pombe kabla ya watu wote, akainamisha kichwa akalia.

Mwanangu, utaona ajabu mtu kulia kwa kupewa heshima. Ngoja nikueleze. Enzi za Mwingereza, kwetu huku Iramba, mvua zikianza tulilimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba anapika pombe ya mtama. Kazi ikiisha, waliolima wanakaa pamoja na kibuyu kimoja kinazunguka. Mgeni na mgonjwa hawamo katika mzunguko huo. Wao humiminiwa pembeni, tena kwanza. Basi Mkumbo wangu, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, siku hiyo alimiminiwa pembeni.

Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma bila mguu wa kulia. Boma la Kiomboi lilimpa pensheni kwa ajili ya ule mguu, na sikufichi, pensheni hiyo ndiyo iliyotuvusha ukame mbaya, mimi nikiwa na mtoto mchanga mgongoni. Sasa, kabla ya vita Mkumbo alikuwa fundi wa mipini ya majembe. Mpini wake haukuchubua kiganja, na jembe alilolitia yeye halikuchomoka. Kazi hiyo haidai miguu miwili. Unakaa kwenye kigoda, unashika tezo, unachonga, na majirani wangeihesabu kuwa ndiyo zamu yake ya kulima. Lakini mpita njia mmoja alimwambia mnadani kwamba Boma likikuona unafanya kazi, linakata pensheni. Tangu hapo tezo ikaingia uvunguni, na mume wangu akawa mtu wa kuota jua. Gari la Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa Boma, likisikika kwa mbali, alijilaza juu ya ngozi akajifanya hoi, na mimi, mwerevu wa nyumba, nikamfunika shuka!

Siku ile ya pombe mjomba wake alikuwepo, akayaona machozi. Kwetu mjomba ni mtu mzito, akisema neno hulipiti juu. Asubuhi yake akaja nyumbani.

"Shikamoo, mjomba," Mkumbo akasema.

"Marahaba. Nani alikuambia Boma litakukata?"

"Watu, mjomba."

"Watu gani? Boma lenyewe umeliuliza?"

Mkumbo akatikisa kichwa.

"Toa tezo. Leo uchonge mpini, kesho tunaupeleka Boma wauone."

Hapo nikasahau adabu yangu yote. "Mjomba, na wakikata, tutakula nini? Utakuja wewe kumnyonyesha huyu mtoto?"

Alinitazama, wala hakukasirika. "Wakikata mtakula kwangu, mkwe wangu, hata kama ni kulala na njaa tulale wote. Lakini mpwa wangu hawezi kuendelea kuugua ugonjwa asioumwa."

Kesho yake tukaondoka na mjomba, Mkumbo juu ya punda, mpini mapajani. Njia nzima sikusema neno, maana niliona tunakwenda kukabidhi chakula cha mwanangu kwa mikono yetu wenyewe. Pale Boma Mkumbo alijiegemeza kwenye gongo lake akapiga saluti, akamwambia karani waziwazi: "Mimi napokea pensheni ya mguu. Mpini huu nimeuchonga mimi. Nikiuza mipini, mtanikata?"

Karani akachukua mpini, akaingia nao ndani kwa Bwana Shauri. Tulikaa barazani. Moyo ulinidunda mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Karani akatoka. "Bwana Shauri anauliza, ule mguu umeota?"

"Haujaota, bwana."

"Basi pensheni yako ipo. Ile ni ya mguu uliopotea vitani. Mikono ni yako, ifanyie kazi." Halafu akaupima mpini kiganjani. "Na huu, unauza?"

Mkumbo akacheka. Mwanangu, tangu arudi vitani sikuwa nimekisikia kicheko kile, nikageukia ukutani nifute macho. Wakati wa kurudi hatukufika mapema, kwa sababu kila tulipopita penye miti alimsimamisha punda, akaangalia tawi lipi limenyooka.

Jana nilipita kwako kukujulia hali. Nilikuta cherehani yako imefunikwa kanga, ina vumbi, na wewe umekaa mlangoni. Ukaniambia tangu upate pensheni ya ule mgongo ulioumia, watu wanasema usionekane ukishona. Watu gani, mwanangu? Nenda kwa wanaokulipa, uwaulize kwa mdomo wako, mchana kweupe. Sheria za leo si za Mwingereza. Wakikuambia kuna mpaka, uushike mpaka huo. Wakikuambia hakuna, umshukuru Mungu na ushone. Kitu cha kuogopa si jibu lao. Mimi niliona mwanamume mzima, mwenye mikono mizuri, anavyokwisha kidogo kidogo chini ya shuka, na aliyemfunika nilikuwa mimi mkewe.

Mungu akunyooshee mgongo, akupe wateja wasiokusumbua, na chakula chako ukile umetulia. Kesho alfajiri nitakuja tuongozane. Safari hii sitanyamaza njia nzima.