Saa ya Huku na Saa ya Kule

Hapa Tunduma, mpakani na Nakonde, simu ikinasa mtandao wa Zambia, saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima. Kila mtu yamemkuta. Mchungaji wetu alishachelewa ibada yake mwenyewe, na mimi nilishaachwa na basi. Watu hucheka tu, "Ah, ulikuwa Nakonde wewe," yanaisha.

Dada yangu alipochelewa kliniki kwa sababu hiyohiyo, hakuna aliyecheka. Nesi alimgombeza mbele ya foleni nzima kwamba hajali dawa zake. Habari zikamfikia kaka yetu mkubwa, akaitisha kikao cha familia. Alitaka dada afunge kibanda chake cha chakula pale maegesho ya malori, akakae kwake Itumba "apumzike". Apumzike nini, na ana nguvu kunishinda mimi?

Kweli, dada anasahau. Ameishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, na daktari alitueleza kwamba hata anayemeza dawa vizuri, virusi vinaweza kumgusa kwenye kumbukumbu. Siku moja alitia chumvi mara mbili kwenye maharage, madereva wakamtolea maneno ambayo siyaandiki. Siku nyingine alibandika wali, akaenda kuteka maji, akarudi bila ndoo na wali umeshakuwa mkaa. Alilia sana. Kisha akajitafutia njia. Akishatia chumvi, anageuza kopo la chumvi kichwa chini. Akibandika sufuria, anatega simu imlilie. Dawa nazo, simu inalia. Mtu anayejipanga hivi ndiye anayeambiwa hajali? Iliniuma, na bado inaniuma.

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, kwa baba mdogo. Dada alifika wa kwanza, maana baada ya aibu ile ya kliniki niliitoa saa ya simu yake kwenye mtandao, nikaiweka kwa mkono. Saa nne tumekaa, aliyetuita hayupo. Chai ikapoa. Saa tano kaka akaingia taratibu, akatushangaa.

"Mbona mmewahi hivi?"

Alikuwa amelala gesti ya karibu na mpaka. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba mdogo alicheka hadi akafuta machozi. "Mwanangu, umelala Zambia!"

Mimi hasira zilinipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, dada akanishika mkono.

"Pole, kaka," alisema kwa upole. "Basi twende wote Itumba, tukapumzike."

Kicheko kikakatika. Kaka akainama, akaanza kuifuta simu yake kwa ncha ya shati. Suala la kibanda halikutajwa tena, wala hakuna aliyemwomba dada radhi mpaka leo.

Palepale kikaoni, simu ya dada ikalia. Akasimama, akakaza kanga yake kiunoni.

"Maharage," alisema, akaenda kazini.