Ua Usioziba Upepo

Nimeishi miaka mingi katika nyika ya Kinango, na kwa muda wote huo nimeambiwa na watu wasioishi huko kwamba hapakaliki. Aghalabu wasemaji hao walifika mara moja, wakanywa maji, wakarudi pwani kabla ya adhuhuri. Sikuwahi kuuhesabu ushahidi wa namna hiyo kuwa ushahidi. Palikuwa na shahidi mmoja tu ambaye sikuweza kumpuuza, naye alikuwa mke wangu.

Mke wangu alizaliwa Munje, mahali ambapo upepo wa bahari huingia nyumbani bila kubisha hodi. Nilipostaafu ualimu mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka mmoja baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara zetu, niliamua kubaki palepale nilipokuwa nikifundisha, katika nyumba yetu ya mawe na mabati. Yeye alikubali kwa maneno. Mwili wake ulikataa. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na katika Kaskazi ya kwanza ya kustaafu kwangu, ule msimu wa joto kali, alianguka uani mara mbili, mara ya pili akiwa na sufuria ya uji mkononi.

Kaka yake alikuja kutoka Msambweni kumtazama. Aliketi sebuleni, akajipepea kwa gazeti, kisha akatoa hukumu: Kaskazi itakayofuata angekuja kumchukua dadake akaishi naye karibu na bahari, na mimi nikipenda nyika niendelee kuipenda peke yangu. Nilimgeukia mke wangu nimsikie yeye mwenyewe.

"Ukinipatia mahali pa kupumulia, nitabaki," alisema. "Usiponipatia, nitakwenda, na wewe utabaki na kipimajoto chako."

Kipimajoto hicho kilikuwa zawadi niliyopewa shuleni siku ya kuagwa. Nilikuwa nimefundisha sayansi, na mtu aliyefundisha sayansi hapaswi kubishana kuhusu joto bila kulipima. Nilikitundika sebuleni, nikakitundika barazani, nikakitundika uani, hata chini ya mti kando ya barabara, nikaandika matokeo katika daftari kwa wiki kadhaa. Jibu lilinitia haya. Mahali penye joto kali kuliko pote katika boma langu palikuwa uani, yaani mahali ambapo mke wangu alipitisha sehemu kubwa ya siku yake. Barabarani, juani, palikuwa na nafuu.

Sababu ilikuwa ua wenyewe. Sisi watu wa pwani tunaijenga nyumba kwa mpango mmoja: baraza mbele, kwa wanaume na wageni, ua nyuma, kwa wanawake na kazi za nyumbani, nao huzungushiwa makuti yaliyoshonwa kwa kubanana hata jicho lisipate pa kupenya. Munje mpango huo hauna kasoro, kwa kuwa upepo wa bahari una nguvu ya kuruka makuti na kushuka ndani. Nyika haina upepo wa namna hiyo. Upepo wetu hupita chini, mwepesi, ukitokea upande wa kaskazini, na ukikutana na ukuta wa makuti hugeuka ukaenda zake. Jua la alasiri nalo hupiga ukuta wa nyuma wa nyumba mpaka mawe yakawa kama ya tanuri. Kila familia ya pwani iliyohamia huko ilikuwa imefanya kosa lilelile. Tulibeba ua wa baharini tukausimika mahali pasipo na bahari, na kila aliyeona joto akalaumu nchi.

Nilichora mpango wangu. Makuti ya ua yangeondolewa. Nyuma ya nyumba pangejengwa jukwaa la mbao, limeinuliwa kimo cha goti ili hewa ipite chini yake, na juu yake paa la makuti lenye kwenda juu, likifunika ukuta wa magharibi. Uzio ungekuwa wa papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vilivyosimamishwa wima, vikiachana kwa upana wa kiganja.

Fundi nilimpata Ukunda. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyejenga majukwaa ya kandokando ya mabwawa ya kuogelea katika hoteli za Diani, na wakati huo watalii walikuwa wamepungua, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Kazi yake ilikuwa safi na mdomo wake haukupumzika. Siku ya kwanza tulikosana juu ya nguzo. Yeye alitaka mti wa mvinje.

"Mzee, Diani yote ni mvinje," alisema. "Na wazungu hawajawahi kulalamika."

"Wazungu wa Diani hukaa wiki mbili," nilimjibu. "Mchwa wa hapa hukaa mwaka mzima."

Sikusema hivyo kwa kudhani. Kabla ya kumwita nilikuwa nimefukia vipande vya miti ya aina tano nyuma ya choo, nikavichimbua baada ya masika. Mvinje ulikuwa umeliwa ukabaki kama sifongo. Kuna waliokuwa wameniambia kwamba mti wowote hauliwi na wadudu ukikatwa mwezi ukiwa mwembamba. Nilifukia pia vipande vya mti uliokatwa mwezi mwembamba na vya mti uliokatwa mwezi mpevu, na mchwa walivila vyote bila kutazama kalenda. Kipande kilichotoka kizima ni cha mbambakofi. Nikanunua nguzo kuukuu za mbambakofi kutoka ghala lililokuwa likibomolewa Kinango, na fundi akavunja msumari baada ya msumari akizipigilia, akininung'unikia kwa lugha ya kwao.

La pili lilikuwa mbao za sakafu. Alizileta kutoka pwani zikiwa zimejaa unyevu, akataka kuzipigilia siku hiyohiyo. Nilizipanga chini ya kivuli, nikaweka vijiti kati ya ubao na ubao, nikamwambia arudi baada ya miezi miwili. Mbao zinazokauka baada ya kupigiliwa hujikunja na kuacha nyufa za kunasa kisigino. Alicheka sana.

"Mzee, nimemaliza hoteli nzima kwa muda ambao mbao zako zinalala."

Alirudi baada ya miezi miwili. Mbao zilikuwa zimepungua upana kwa kiasi alichokiona kwa macho yake, na tangu siku hiyo aliniita Mwalimu.

Kazi ilipokamilika, jirani yangu mfugaji, Mduruma ambaye huwapitisha ng'ombe wake nyuma ya boma langu kila asubuhi, alisimama akiegemea fimbo na kuukagua uzio wa papi kwa muda mrefu. Tulikuwa tumezoea kutaniana.

"Mwalimu," alisema, "zizi ni zuri. Mbuzi wanakuja lini?"

Nilimwambia kwamba mbuzi wa kwanza amekwisha fika na ameegemea fimbo. Tukaachana kwa kicheko. Ndani nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimepima alasiri tatu mfululizo: jukwaani palikuwa pamepungua joto kuliko ndani ya nyumba, kuliko barazani, kuliko mahali pengine popote katika boma. Nilijiona nimeshinda.

Mke wangu sikumwona jukwaani. Siku ya kwanza nilidhani ana shughuli. Siku ya nne nilimkuta ameketi jikoni, kwenye kibanda cha bati, akichambua mchele, jasho likimtiririka shingoni. Nilichukua daftari nikamsomea matokeo. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Nambari zako nimezisikia," alisema. "Jana nilikaa pale. Nikavua leso kichwani, nikanyoosha miguu. Jirani yako akapita na ng'ombe wake, akaniamkia, akaniuliza kama mboga imeiva. Mboga, Mwalimu. Aliona mpaka ndani ya chungu."

Nilimjibu kwa namna ambayo sioni fahari kuikumbuka. Nilisema kwamba upepo na stara haviwezi kukaa katika ua mmoja, kwamba panapopita hewa jicho nalo litapita, na kwamba mtu mwenye akili atachagua afya. Nilisema hayo siku hiyo, nikayarudia kesho yake na keshokutwa. Nilikuwa nimepima mbao, nimepima mchwa, nimepima jua. Yeye nilikuwa sijamuuliza hata swali moja kuhusu mahali nilipokuwa nikimjengea. Na Kaskazi ilikuwa imebakisha majuma machache ifike.

Siku ya tatu ya ubishi huo aliniita uani. Alikuwa ameokota papi zilizosalia, ameziegemeza kwenye uzio upande wa ndani, kila upapi mbele ya pengo moja, nyuma kidogo ya zile za nje, hivi kwamba papi za ndani zilifunika mapengo ya papi za nje bila kugusana nazo. Aliniamuru nitoke nje nisimame njia ya ng'ombe.

"Waniona?" aliuliza kutoka ndani.

"Sikuoni."

"Sogea kushoto. Waniona?"

"Sikuoni."

Kisha akawasha kumbi la nazi, akaliweka chini upande wake. Baada ya muda mfupi moshi ulianza kutoka kati ya papi, taratibu, ukijipinda kupita nyuma ya mmoja na mbele ya mwingine, ukanifikia usoni.

"Moshi umepita?"

Nilikuwa nikikohoa. Nilikiri kwamba umepita.

"Basi upepo hauhitaji njia iliyonyooka," alisema. "Jicho ndilo linaloihitaji."

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kuona jaribio lililopangwa vizuri zaidi ya hilo. Hakuniletea uvumi wala mila ya kunitisha. Aliniletea moshi. Nilimwita fundi siku hiyohiyo. Aliutazama mpango, akauzunguka, akasema kwamba mama angefaa kuwa msimamizi wake Diani. Katika siku tatu alikuwa amepigilia safu ya pili ya papi pande zote. Nilipima upya. Joto halikuongezeka kiasi cha kusemwa.

Maneno, bila shaka, hayakukoma. Watu wa pwani waliofika kwa mazishi ya jamaa walirudi na habari kwamba nimempa mtu wa bara ua wa mke wangu augeuze hoteli. Wengine wakaongeza kwamba tunangoja watalii, na kwamba pombe itauzwa. Ijumaa moja, baada ya swala, bwana mmoja wa makamo alinishika mkono msikitini akaniambia kwa huruma kwamba ni aibu mtu wa umri wangu kuvunja ua wa nyumba yake.

"Umeuona huo ua?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

"Basi rudi kwa uliyemsikia umuulize kama yeye ameuona. Mkimaliza kuulizana, mlango wangu uko wazi."

Hakuja. Hawakuja wengi. Sikubomoa hata msumari mmoja kwa ajili yao.

Shemeji alikuja mwezi wa Februari kama alivyoahidi, kwa gari la kukodi, godoro likiwa limekwisha tandikwa nyuma ili dadake asafiri amelala. Ilikuwa saa nane mchana. Alizunguka nyumba akimwita, akasimama nje ya uzio akitazama kulia na kushoto bila kumwona mtu.

"Pita, kaka," sauti ya mke wangu ilisema kutoka hatua mbili mbele yake. "Mlango uko mkono wako wa kulia."

Aliingia. Dadake alikuwa jukwaani, kichwa wazi, miguu imenyooshwa, ungo wa kunde mapajani. Alimkaribisha maji ya dafu na wali, akamwekea mto. Shemeji alieleza mipango ya chumba na daktari wa Msambweni, na katikati ya maelezo hayo usingizi ukamchukua. Alilala mpaka alasiri ikaingia. Alipoamka aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana hakulala, kama mzigo umekwisha fungwa.

"Umefungwa," mke wangu alisema, akamsogezea kapu la kunde kavu. "Wapelekee wanao."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mzima, kaka. Nitakuja Idi kuwatembelea."

Alinitazama kana kwamba nimemlisha dada yake dawa. Akasema, akivaa viatu, kwamba Kaskazi ijayo atarudi tena, tutaona. Nilimwambia arudi, na alete mto wake mwenyewe. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikamsaidia kulikunja lile godoro.

Niliporudi uani nilikaa. Mke wangu aliendelea na ungo wake kwa kitambo, kisha akaniambia, bila kuinua macho, nisogee upande wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimeukalia upepo wake. Nikasogea.